Mwani, Majitaka na Msomaji wa Lusewa

Mwani ni neno la pwani. Mkazi wa Paje au Jambiani hahitaji kamusi ili alielewe: ni jani la baharini linalofungwa kwenye kamba, kamba ikakazwa baina ya vigingi, na baada ya majuma kadhaa likavunwa, likaanikwa na kuuzwa. Tangu kilimo hicho kianze kibiashara huko Zanzibar mwaka 1989, neno hili limezidi kukazwa katika maana ya zao lenye bei. Hata hivyo, baadhi ya tafsiri za maandiko ya usafi wa mazingira hulitumia neno lilo hilo kutaja viumbe vidogo mno, visivyoonekana ila kwa hadubini, ambavyo huyapa maji ya mabwawa ya majitaka rangi ya kijani. Ndipo tunaposoma juu ya “kilimo cha mwani katika maji machafu”. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa maneno hayo yana kasoro, na kwamba kasoro mojawapo yaweza kumdhuru msomaji.

Kwanza yafaa dhana yenyewe ieleweke. Katika bwawa la majitaka lenye kina cha mita moja hadi mbili, kama yale yaliyochimbwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Vingunguti, viumbe hivyo hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula na hutoa oksijeni. Bakteria huitumia oksijeni hiyo kuozesha uchafu, nao huviachia viumbe hivyo hewa ukaa na virutubisho. Mchana, hewa ukaa inaponyonywa kwa wingi, pH ya maji hupanda, pengine ikapita 9, na vijidudu vingi vya kinyesi hufa. Kwa hiyo ukijani wa bwawa la namna hiyo si dalili ya uzembe wa msimamizi. Ni dalili kwamba bwawa linafanya kazi.

Sasa na tumfikirie mwalimu au bwana samaki wa Lusewa, kata iliyokuwa ya Songea na ambayo leo imo katika Wilaya ya Namtumbo. Bahari iko mamia ya kilomita mashariki yake. Kwake mwani ni neno la kusomea redioni au kitabuni. Halina harufu wala umbo. Lakini dhana anayotaka kuelezwa si ngeni mkoani Ruvuma, kwani ufugaji wa samaki wa mabwawani umeenea huko. Mfugaji wa perege hutia samadi bwawani ili maji yageuke kijani, kisha hutumbukiza mkono. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kiwiko, hujua kwamba chakula cha asili kinatosha. Kazi hiyo huitwa kurutubisha bwawa, na matokeo yake huitwa maji ya kijani. Hapa pana msamiati ulio hai, uliokwisha kujaribiwa na watu wenye haja nao, nasi tunaupita tukakimbilia ufukweni!

Sisemi kwamba “maji ya kijani” yatosha kuwa istilahi. Hayo ni maji. Tunachokitafuta ni jina la kiumbe kilichomo. Wapo waliojaribu “mwani mdogo”, lakini msomaji wa Unguja ataelewa kuwa ni mwani uliovunwa kabla ya kukomaa. “Ukoga” ni uchafu wa meno, na kuvu ni jamii nyingine kabisa. “Mwani hadubini” ni afadhali, ila nalo hukwama mbele ya spirulina, chakula cha heroe wadogo wa Ziwa Natron, ambayo wanabiolojia huiweka katika kundi la bakteria ingawa wakuzaji wake wengi huihesabu pamoja na hivi viumbe vingine. Kwa maoni yangu tukubali alga liwe jina la jumla, na alga hadubini liwe jina la aina hizi ndogo. Mwani libaki baharini lilikozaliwa. Alga ni neno la kukopa, ni kweli, lakini vivyo hivyo bakteria na oksijeni, ambayo hakuna mwalimu anayeyalalamikia leo.

Jambo zito zaidi liko katika kitenzi kutibu. Mabango ya afya yamewafundisha wananchi kwa miaka mingi kutibu maji ya kunywa kwa kuyachemsha au kuyatia dawa. Maji yaliyotibiwa, kwa mama wa nyumbani, ni maji yafaayo kunywewa. Mfasiri anapoandika kwamba maji yatokayo katika bwawa la alga “yametibiwa”, au vibaya zaidi “yamesafishwa”, amempa mama huyo ruhusa ambayo mhandisi hakuitoa. Maji hayo yamepunguziwa uchafu na vijidudu, wala hayajawa salama kwa kinywa. Hata mkulima ayamwagiliaye mpunga, kama ilivyofanyika Mabogini karibu na Moshi, hana budi kujilinda. Napendekeza neno majitaka lisiondolewe hata mwisho wa safari: yaandikwe majitaka yaliyopunguzwa uchafu, hata kama jina ni refu. Urefu huo ni gharama ndogo. “Maji machafu” nayo yaachiwe lugha ya kila siku, kwa kuwa hata maji ya mto baada ya mvua huitwa hivyo. Majitaka yana maana mahsusi ya yale yaliyokwisha kutumiwa na watu au viwanda.

Limebaki suala la kulima. Mwani hulimwa, kwa sababu mkulima huupanda kwa mkono wake. Katika bwawa la majitaka hakuna apandaye: alga huja zenyewe kwa upepo na maji, na mtaalamu hupanga tu kina, mwanga na muda wa maji kukaa. Hata katika mifereji yenye kina cha sentimita 30 hivi, inayokorogwa kwa magurudumu ya makasia ili alga zivunwe, kilicho kikubwa si kupanda. Kukuza alga ndiko kunakofaa, na mavuno yake yaitwe mavuno, neno ambalo bwana samaki wa Lusewa analitumia tayari kila anapokausha bwawa.