Polara: mpira unaonyooka, mchezaji je?

Ukicheza gofu kwa mkono wa kulia, huenda unaujua huu ugonjwa: mpira unaondoka vizuri, halafu unapinda kulia hadi vichakani. Wachezaji wanauita slaisi. Chanzo ni kwamba, wakati wa kugonga, uso wa fimbo unatazama kulia kuliko njia ambayo fimbo inapita. Mpira unazunguka kwa mshazari, na hewa inausukuma kando.

Miaka ya 1970, Wamarekani Fred Holmstrom na Daniel Nepela walibuni dawa: mpira wa Polara. Vishimo vyake havikulingana pande zote, na ukiuweka vizuri kabla ya kupiga, ulipinda kidogo zaidi. Kifizikia, hongera zao! Lakini mwaka 1981 USGA, wasimamizi wa mchezo Marekani, waliweka sharti la mpira kuruka sawa pande zote. Kesi iliyofuata iliisha 1985 kwa USGA kulipa dola milioni 1.375.

Mimi hoja yangu si sheria. Polara inaficha kosa tu. Mkono unabaki vilevile, na ukirudia mpira wa kawaida, vichaka vinakungoja.

Draiva zenye uzito upande wa kisigino zina nafuu: zinausaidia uso wa fimbo kujifunga, yaani zinagusa chanzo chenyewe. Ila nazo zina kikomo. Uso ukiachwa wazi sana, utapinda tu.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, kagua mshiko wako. Huo haununuliwi.