Picha za Benaco Zikitazamwa kutoka Munanila

Wako wasemao ya kuwa filamu haisemi uongo. Hoja yao ni kwamba mwanga ukiisha kuigusa filamu huacha alama, na alama hiyo ni shahidi mwaminifu kuliko maneno ya mtu. Hoja hii ina sehemu ya kweli, lakini haikutimia. Maana filamu hupokea yale tu ambayo kamera imeelekezewa, na ya pembeni huachwa nje. Uaminifu, basi, yapasa utafutwe kwa mwenye kamera, katika jawabu la swali moja: picha hii imepigwa kwa ajili ya nani?

Kazi ya Sebastião Salgado yafaa kuwa kipimo cha jambo hili. Mbrazili huyo, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 2025, alisomea uchumi kabla ya kushika kamera. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakaingia wilaya ya Ngara na kukaa katika kambi ya Benaco. Salgado alifika huko na filamu zake za nyeusi na nyeupe, na baadhi ya picha za kambi hiyo zimo katika kitabu chake cha wahamaji wa dunia kilichotoka mwaka 2000.

Wahakiki kadha wamemlaumu kwa kuipamba taabu. Lawama hiyo haina uzito mkubwa. Nyimbo za maombolezo huimbwa kwa sauti nzuri, wala hakuna asemaye kuwa mwimbaji hakufiwa. Moshi wa meko ukitanda juu ya mahema kwa uzuri, si kosa la mpiga picha kuuona.

Lawama ya pili ndiyo nzito. Susan Sontag aliieleza mwaka 2003: watu wa picha hizo hawatajwi majina. Maelezo ya kitabu hutaja nchi, kambi na mwaka, lakini mwenye uso hatajwi.

Upungufu huu huonekana wazi zaidi mtu akizitazama picha hizo kutoka Munanila. Mahali hapo pako katika nyanda za juu za Kigoma, karibu na mpaka wa Burundi, katika nchi ya Waha. Palikuwa chini ya Kasulu kabla ya wilaya ya Buhigwe kuundwa mwaka 2012. Wakimbizi wa Burundi waliingia katika nyanda hizo mwaka 1972, wakaingia tena mwaka 1993 na mwaka 2015. Kiha, Kirundi na Kinyarwanda ni lugha za ukoo mmoja, hata Muha na Mrundi huelewana bila mkalimani. Mtazamaji wa Paris aweza kumwona mtu aliyejifunika blanketi kuwa ni mfano wa mateso ya binadamu. Kwa mtazamaji wa Munanila huyo ni mtu awezaye kuulizwa jina lake, jina la babaye, na mlima alikotoka.

Mwaka huo huo, mwezi wa Julai, umati mwingine uliingia Goma, katika Zaire ya wakati ule. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Mashirika ya misaada yakawapiga picha mmoja mmoja, na picha zikabandikwa kwenye mbao kambini, ili mzazi apitapo amtambue mwanawe. Hazina ufundi wa kusifiwa: ni uso uliotazama mbele, basi. Lakini kila moja ilijua inamtafuta nani.

Haingekuwa haki kudai kwamba Salgado angepiga picha za namna hiyo tu. Kazi yake ilikuwa kuwaarifu walio mbali, na hao wasingeguswa na picha za ubaoni. Wala hakuyatazama mambo hayo kwa moyo mkavu: katika filamu ya maisha yake ya mwaka 2014 alikiri kwamba baada ya Rwanda imani yake kwa wanadamu ilikwisha, na baadaye akarudi kwao kupanda miti. Huo ni unyofu, lakini unyofu juu ya huzuni ya mpiga picha haujazi nafasi ya jina la mwenye kupigwa picha.

Vijana wanaoirudia filamu leo husifu taratibu yake: mkanda una picha 36, kila moja ina gharama, na hakuna kuiona mpaka isafishwe. Sifa hiyo ni ya haki endapo subira ile hutumika. Muda wa kusubiri mwanga ni muda wa kutosha kumwamkia mtu na kumwuliza jina. Kalamu na daftari ni rahisi kuliko mkanda mmoja. Kitabu cha Salgado kitaendelea kutazamwa, na chastahili. Lakini kwa watu wa Benaco kimebaki na deni.