Nyumbu Wana Mzunguko, Sisi Tuna Foleni

Filamu za nyumbu wa Serengeti zinapenda Mto Mara: vumbi, mamba, ndama anazama. Msimulizi anasifu uvumilivu wao, halafu mgeni pembeni anatuambia, "Kama ninyi kabisa!" Mimi sikubali. Nyumbu zaidi ya milioni 1 wanafuata mvua na nyasi, na kila mwaka, mwezi wa 2 hivi, wako tena kusini wanazaa. Wanarudi. Hapa Nyarugusu kambi ilifunguliwa 1996, na waliozaliwa humu sasa wana watoto wao. Filamu inapima uvumilivu kwa kilomita. Wa kwetu upimwe kwa miaka ya kungoja kibali. Kamera gani ina subira ya kumtazama mtu anayengoja tu?