Nani Aliigusa Swichi? Msimulizi, Ushahidi na Kimya Katika Mjadala wa Ndege ya TWA 841

Makala haya yanalenga suala la usimulizi, hususan swali ambalo watahiniwa wetu hulipuuza: ni nani anayesimulia, na ameyajuaje anayoyasimulia? Badala ya kuzunguka tena katika riwaya na tamthilia teule, nimechagua matini isiyo ya kifasihi. Matini hiyo ni mjadala wa marubani kuhusu chanzo cha mkasa ulionusurika wa ndege ya shirika la TWA, safari nambari 841, nchini Marekani mwaka wa 1979. Ninaichukulia ripoti ya uchunguzi na utetezi wa marubani kuwa hadithi mbili zinazoshindania tukio moja. Mwalimu mwenzangu ataona kwamba istilahi tunazozitumia darasani kila siku, yaani msimulizi, mtazamo, uhusika na kinaya, zinaweza kumsaidia mtu kuamua jambo zito kuliko alama 20: jina la binadamu lichafuliwe au lisichafuliwe?

Muhtasari wa Tukio

Usiku wa tarehe 4 Aprili 1979, ndege aina ya Boeing 727 iliondoka New York kuelekea Minneapolis. Ndani mlikuwa na abiria 82 na wafanyakazi 7. Rubani mkuu alikuwa Harvey Gibson, maarufu kwa lakabu ya Hoot. Ikiwa katika kimo cha futi 39,000 karibu na Saginaw, jimbo la Michigan, ndege ilitikisika, ikainamia upande wa kulia, ikabiringika na kuporomoka. Katika muda wa takriban dakika moja ilikuwa imeshuka zaidi ya futi 30,000. Hatimaye Gibson aliamuru magurudumu yateremshwe ili kasi ipungue. Kibamba kimoja cha bawa la kulia, yaani slati nambari 7, kiling'oka. Ndege ikatii, ikanyanyuliwa ikiwa imebakiza takriban futi 5,000. Walitua Detroit na hakuna aliyefariki.

Msomaji aelewe kwamba slati ni vibamba vinavyochomoza katika ukingo wa mbele wa bawa ili ndege iweze kuelea katika mwendo wa pole, hasa inapopaa na inapotua. Katika kimo cha futi 39,000 hazina kazi. Slati ya upande mmoja ikichomoza peke yake huko juu, ndege hupoteza mizani.

Hadi hapa wasimulizi wanakubaliana kwa jumla. Mgogoro unaanzia kwenye neno "kwa nini".

Msimulizi wa Kwanza: Ripoti

Bodi ya kitaifa ya usalama wa uchukuzi ya Marekani (NTSB) ilichunguza kwa zaidi ya miaka miwili, ikatoa ripoti yake mwaka wa 1981. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, slati zilichomozwa na marubani wenyewe walipogusa vidhibiti. Zilipoagizwa kurudi, slati nambari 7 ilikwama nje. Fauka ya hayo, bodi ilisema kwamba kapteni alichelewa kuukabili mwinamo wa ndege.

Ripoti imeandikwa katika nafsi ya tatu. Sauti yake ni ile tunayoiita ya msimulizi maizi, anayejua yote yaliyotendeka hata kusikokuwa na shahidi. Lakini tukiisoma kwa makini, tutagundua kwamba hakuna mahali inapomwonyesha mtu akigusa kidhibiti. Bodi ilizichuja hitilafu za mitambo ilizoziona kuwa zinawezekana, ikaziondoa moja baada ya nyingine, kisha ikahitimisha kwamba kilichobaki ni mkono wa binadamu. Hoja ya namna hii si batili. Hata hivyo, nguvu yake inategemea jambo moja: kwamba orodha ya yaliyoondolewa ilikuwa kamili. Ikiwa kuna sababu moja iliyosahauliwa, jengo lote huyumba.

Jambo la kuvutia zaidi ni kwamba ndani ya ripoti hiyo hiyo kuna sauti ya pili. Mwanachama mmoja wa bodi, Francis McAdams, aliipigia kura ripoti lakini akaambatisha maelezo kwamba aliiunga mkono kwa kusitasita. Alikiri kwamba vipimo vilielekea kuunga mkono hitimisho. Kilichomsumbua ni kwamba ushahidi wa kiapo wa marubani ulikataliwa bila wao kupewa nafasi ya kuukabili ushahidi wote uliotumiwa dhidi yao. Aidha, hakukubali kwamba kapteni alichelewa. Mhakiki makini asiipite sauti kama hii. Mara nyingi ukweli wa matini huwa umejificha kwa mhusika mdogo anayesema maneno machache.

Msimulizi wa Pili: Marubani

Marubani watatu walisimulia katika nafsi ya kwanza, na walikuwa na kiapo. Wote walikana kwamba waligusa vidhibiti vya slati. Baadaye watetezi wao walitoa maelezo mbadala, wakielekeza kidole kwenye hitilafu za mitambo, ukiwemo usukani wa mkia. Kwao, slati haikuwa lazima iwe chanzo cha mkasa. Huenda ilikuwa tokeo.

Dhidi yao kulikuwa na uvumi, nao ulitoka miongoni mwa marubani wenyewe. Ilidaiwa kwamba baadhi ya marubani wa 727 walikuwa na ujanja wa siri: kuichomoa swichi ya umeme wa slati, kisha kushusha vibamba vya nyuma ya bawa kwa nyuzi 2 tu ili ndege iende vizuri zaidi katika kimo kirefu. Hadithi ikaendelea kwamba mhandisi wa ndege alikuwa ametoka kurudisha sinia za chakula, akarejea, akaiona swichi imechomoka, akairudisha bila kujua. Slati zikachomoza.

Tuseme kweli: hadithi hii ni tamu. Ina siri, ina kosa la mtu asiye na hatia, ina kinaya, na ina mwisho unaoeleweka. Utamu huo ndio hatari yake. Hadithi yenye msuko mzuri huaminika haraka kuliko hitilafu ya chuma isiyo na sura wala nia. Hata hivyo, mhakiki asiwapendelee marubani pia. Msimulizi wa nafsi ya kwanza ana maslahi yake, na rubani anayemtetea rubani mwenzake anautetea pia mkate wake. Wasimulizi wote wawili wapimwe kwa mizani moja.

Kimya cha Dakika 21

Kinasa sauti cha chumba cha marubani kilipochunguzwa, dakika 21 kati ya 30 zilikuwa tupu. Zilizosalia zilikuwa mazungumzo ya baada ya kutua. Gibson alieleza kwamba alikuwa na mazoea ya kukifuta kinasa kila safari inapokwisha, lakini hakukumbuka kukifuta usiku huo. Kuanzia hapo, aliyekuwa shujaa akawa mshukiwa. Watu waliuliza: asiye na hatia anafuta nini?

Hapa ndipo penye kinaya kikuu cha matini. Kinasa kile kilihifadhi dakika 30 za mwisho tu, na tangu ndege ilipoporomoka hadi ilipotua zilipita zaidi ya dakika 40. Kwa hivyo, hata kama hakuna aliyekifuta, sauti za dakika ile ya kuporomoka zisingekuwamo. Mazungumzo ya baadaye yangeweza kufaa, na bodi ilikuwa na haki ya kuyasikitikia. Lakini kimya kilichomhukumu kapteni machoni pa wengi hakingeweza kuwa na jibu la swali waliloliuliza.

Chama cha marubani kiliomba suala lifunguliwe upya, bodi ikakataa. Gibson alikwenda mahakamani, na mwaka wa 1997 mahakama ya rufaa ikasema haina mamlaka ya kuukagua uamuzi huo. Mwaka wa 2016 mwandishi Emilio Corsetti alichapisha kitabu kinachowatetea marubani, kiitwacho Scapegoat. Mjadala wa dakika moja ya angani ukawa umedumu kwa zaidi ya miaka 35.

Kisa cha Darasani

Nisingeandika makala haya kama yasingenigusa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisahihisha karatasi za fasihi za mtihani wa majaribio. Wanafunzi wawili walioketi karibu walikuwa wametoa hoja zile zile kwa mpangilio ule ule. Tena wote wawili walikuwa wamelikosea jina la mhusika mmoja kwa namna moja. Niliondoa sababu nyingine zote akilini, ikabaki moja: mmoja alimnakili mwenzake. Niliwaita. Mmoja alijitetea kwa ufasaha. Wa pili, msichana mpole wa safu ya nyuma, aliinamisha kichwa akanyamaza. Nikamwandikia sufuri yule aliyenyamaza.

Muhula uliofuata nilikuwa nikiyapitia maandalio yangu ya somo kwa ajili ya darasa jingine. Nikaliona jina lile limekosewa kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nililiandika vibaya ubaoni, nao wakalinakili kwangu, pamoja na hoja zote tano na mpangilio wake. Nilimwita yule msichana nikamwuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Mwalimu, ningekuambiaje kwamba uliyekosea ni wewe?"

Orodha yangu haikuwa kamili. Sikuwa nimejiweka mwenyewe ndani yake. Nami nilikuwa nimekisoma kimya chake kama kukiri, ilhali kilikuwa heshima. Nilimrudishia alama zake mbele ya darasa na kumwomba radhi, lakini muhula mzima alikuwa ameitwa mwizi wa majibu na wenzake. Muhula huo sikuweza kumrudishia.

Funzo kwa Mtahiniwa

Maswali ya aina ya "Ni nani wa kulaumiwa? Thibitisha" hutokea mara kwa mara katika karatasi ya 102/3. Watahiniwa wengi humteua mkosaji kwanza, kisha wakatafuta hoja. Ninapendekeza utaratibu ufuatao:

Kwanza, mtahiniwa atenganishe kilichoonekana na kilichokisiwa. Vipimo vilionyesha slati. Havikuonyesha mkono.

Pili, aulize msimulizi alikuwa wapi, na ana maslahi gani. Msimulizi wa nafsi ya tatu naye ana maslahi.

Tatu, asikifanye kimya cha mhusika kuwa ungamo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini hawakutuambia mshindo huo ni wa nini. Mhusika hunyamaza kwa hofu, kwa aibu, kwa heshima, au kwa kuwa hakuulizwa.

Nne, anapotumia hoja ya kuondoa sababu moja moja, aeleze pia kwa nini anaamini hakuna sababu aliyoiacha.

Hitimisho

Maoni yangu ni kwamba ripoti ya TWA 841 ina nguvu pale inapoeleza ndege ilivyotenda, na ina udhaifu pale inapoeleza watu walivyotenda. Bodi ilivuka kutoka sehemu ya kwanza hadi ya pili bila daraja la kutosha, na sauti ya McAdams ni ushahidi kwamba hata waliokuwa ndani waliliona pengo hilo. Hii haimaanishi kwamba marubani wamethibitishwa kuwa safi. Inamaanisha kwamba walihukumiwa kwa hadithi iliyosukwa vizuri.

Walimu wenzangu, hakimu wa kesho, mkaguzi wa kesho na mwalimu wa kesho wameketi mbele yetu leo wakisubiri kuambiwa hoja ngapi zinatosha. Tuwafunze kwanza kuuliza hoja hizo zimetoka wapi, hata zikiwa zimetoka ubaoni petu.

Maswali ya Marudio

1. Tofautisha msimulizi wa nafsi ya kwanza na msimulizi maizi kwa kurejelea mjadala huu. (alama 6)
2. Eleza kinaya kinachojitokeza katika suala la kinasa sauti. (alama 4)
3. "Kimya si ungamo." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea mhusika yeyote katika riwaya au tamthilia uliyoisoma. (alama 10)