Hatia Si Hisia: Juu ya Maswali ya Kupima Aibu

Wanasaikolojia wengi, wakimfuata Helen Block Lewis aliyeandika mwaka 1971, hutenga hisia mbili za mkosaji. Ya kwanza humfanya ajione duni na kutaka kujificha. Ya pili humtuma atengeneze alichokiharibu. Mtihani wa June Tangney, uliotoka 1989, huzipima zote mbili. Mfasiri ategemeaye kamusi ataiita ya kwanza aibu, na ya pili hatia. Hapo ndipo mizani inapopinda.

Hatia kwetu si jambo la moyoni. Mtu hutiwa hatiani au huonekana hana hatia. Ni hukumu itokayo kwa mwingine. Chukua mkulima wa Mchukwi, katika eneo la Rufiji ambako uchunguzi wa afya wa nyumba kwa nyumba ulianza 1998. Akiulizwa, "Je, unahisi hatia?" atadhani anashitakiwa, naye atakana. Karatasi itasema hana majuto, kumbe nafsi yamsuta usiku kucha.

Aibu nayo ina jamaa zake. Haya ni sifa njema, na asiye nayo ndiye alaumiwaye. Soni ni neno la Kibantu, ndugu wa ensonyi ya Kiganda na thoni ya Kikikuyu, ambako wakwe huitwa athoni. Mwanamke asemaye "naona haya" mbele ya mkwewe hakuungama ugonjwa. Ametaja malezi yake.

Richard Brislin alieleza mwaka 1970 njia ya kuirudisha tafsiri katika lugha ya kwanza ili ikaguliwe. Njia ni njema, lakini kosa hili huiponyoka: hatia huenda na kurudi salama, kwa kuwa wafasiri wote wawili wamesoma Kiingereza. Mapatano yao si ushahidi wa moyo wa Mrufiji.

Wala haifai kudai kwamba pasipo neno hapana hisia. Breugelmans na Poortinga walionyesha mwaka 2006 kwamba Wararámuri wa Meksiko, wenye neno moja tu, huzitambua hisia zote mbili.

Basi na tuulize vitendo: "Uliposhindwa kufika msibani kwa jirani, ulimkwepa njiani, au ulikwenda kumtaka radhi?" Jambo hili si la kamusi tu. Pale alama za karatasi zinapoamua nani asaidiwe, neno lililokosewa humrudisha nyumbani aliyestahili kusikilizwa.