Kiitikio Kinapogeuka: Kutoka "Ndiyo Mzee" hadi Amina

Wimbo wa kwetu haukamiliki mpaka upate waitikiaji. Iwe ngoma ya mavuno katika milima ya Ukaguru, iwe kwaya ya usharika siku ya sikukuu, yupo anayeanzisha na wapo wanaopokea. Mwanzishaji anaweza kuwa na sauti ya kusifiwa, lakini wimbo unakuwa wa watu pale wanapoujibu. Kwa hiyo tukitaka kupima safari ya mwimbaji kutoka kazi yake ya kwanza hadi ya mwisho, tusiishie kwenye sauti yake. Tuulize pia: nani anamwitikia, na anaitikia nini?

Kwa swali hilo tunataka kusikiliza kazi za Joseph Haule, ambaye nchi nzima inamjua kama Professor Jay. Watu wa Wilaya ya Kilosa wanamjua mara mbili: kwanza redioni, kisha kama mbunge wa jimbo letu la Mikumi, kuanzia mwaka 2015 hadi 2020. Huenda msomaji akashangaa kumkuta msanii wa muziki wa kufokafoka katika kitabu cha kanisa. Sababu ipo. Mwaka 2024 alitoa wimbo wa shukrani uitwao "Siku 462", akiimba pamoja na Walter Chilambo, mwimbaji wa nyimbo za Injili. Tangu hapo tumesikia baadhi ya wazee wetu wa kanisa wakisema kwa furaha kwamba sasa ndipo ameimba wimbo wa kumpendeza Mungu. Furaha yao tunaishiriki. Neno "sasa" ndilo tunaloliwekea swali.

Tuanze alipoanzia. Kabla ya kusimama peke yake alikuwa mmoja wa vijana watatu wa kundi la Hard Blasters, pamoja na Fanani na Big Willy. Albamu yao, "Funga Kazi", ilitoka mwaka 2000, na wimbo wa "Chemsha Bongo" ulipita kila kijiwe. Katika kazi ile waitikiaji ni wenzake wa kundi. Mmoja anarusha neno, mwingine analidaka kabla halijagusa chini. Ni muziki wa vijana wanaoonyeshana uwezo, na ladha yake iko katika kushindana kwa maneno. Anayesikiliza ni kama mtu aliyesimama pembeni akitazama wengine wakicheza bao: anafurahia, lakini kete hazishiki yeye.

Mwaka uliofuata kila kitu kiligeuka. Albamu yake ya kwanza ya peke yake, "Machozi Jasho na Damu", ilitengenezwa na P-Funk katika studio ya Bongo Records, na ndani yake ulikuwamo "Ndiyo Mzee". Mwimbaji anajifanya mgombea aliyepanda jukwaani. Anatoa ahadi, na kila ahadi inaizidi iliyotangulia, mpaka mabomba yanaahidiwa kutoa maziwa na wanafunzi wanaahidiwa kufanyia mazoezi yao mwezini. Safari hii hawaitikii wenzake wa kundi. Unaitikia umati wa mkutano wa hadhara, nao una jibu moja tu, ndilo jina la wimbo.

Hapo ndipo tunapoona ukomavu wake. Angeweza kutunga wimbo wa kuwalaani wanasiasa, na wangekuwa wengi wa kumpigia makofi. Badala yake alimwachia mgombea azungumze mwenyewe, kwa Kiswahili cha taratibu kinachosikika hata kwa bibi aliyekaa mbali na redio. Halafu akaweka kioo mbele ya umati. Tunacheka ahadi za yule mzee, na katikati ya kicheko tunagundua kwamba kinachotisha ni kiitikio. Bila hao wanaosema ndiyo, uongo wa jukwaani ungeanguka wenyewe.

Wasomaji wa Biblia wanaijua sauti hii. Katika 1 Wafalme sura ya 22, mfalme Ahabu anataka kwenda vitani Ramoth-Gileadi. Manabii wapatao 400 wanamwambia aende, atashinda. Mmoja wao, Sedekia, anajitengenezea hata pembe za chuma ili ahadi ionekane kwa macho. Anaitwa Mikaya mwana wa Imla, na njiani mjumbe anamshauri aseme kama walivyosema wenzake. Mikaya anafika mbele ya mfalme na kusema kweli kama wenzake, lakini kwa namna ambayo mfalme mwenyewe anatambua kwamba anadhihakiwa, anakasirika na kumtaka aseme ukweli. Yaani nabii wa Bwana alianza kwa kejeli: aliitumia "ndiyo" ya manabii 400 kuwaumbua manabii 400. Baada ya kusema ukweli wote alipigwa kofi na kupelekwa gerezani. Hatusemi kwamba msanii ni nabii. Tunasema kwamba kejeli iliyokusudiwa kuitetea kweli ina nafasi yake ndani ya Maandiko, na asiyeijua nafasi hiyo ataupita "Ndiyo Mzee" akidhani ni mzaha wa vijana.

Baadaye alitoa jibu lake, "Siyo Mzee". Umati sasa umeamka na kiitikio kimegeuka. Kama kazi ya sanaa, tunaona wimbo huu haulingani na ule wa kwanza. Umati unaokataa unatupendeza, lakini hautushtui, maana unatupa sifa badala ya kutupa kioo. Hata hivyo, ukisikilizwa pamoja na wa kwanza, unatimiza fundisho: mtu asiyeweza kusema siyo, ndiyo yake haina uzito. Bwana wetu alilifundisha hilo mlimani, katika Mathayo 5:37.

Miaka iliyofuata sauti ilizidi kulainika. Katika "Zali la Mentali", hadithi ya kijana asiye na kitu aliyeangukiwa na bahati ya kupendwa na mwanamke mwenye nacho, kiitikio ni cha Juma Nature, na kimejaa mahadhi ya mtaani. Katika "Nikusaidiaje" ni Ferooz, na huzuni ya sauti yake inabeba nusu ya wimbo. Mtindo huu wa mmoja kusimulia na mwingine kuimba uliwavuta wengi ambao kufokafoka kutupu kuliwachosha. Simulizi zilibaki na nguvu, kwa sababu kiitikio cha kuimbwa kilimpa msikilizaji mahali pa kupumzika kabla ya kuendelea na habari.

Hatuwezi kusema hivyo kwa kila kilichofuata. Mwaka 2014 alishirikiana na Diamond Platnumz katika "Kipi Sijasikia", na baadaye na Sholo Mwamba katika "Kazi Kazi", ambamo aliingia kwenye mwendo wa kasi wa singeli. Mwanamuziki ana haki ya kusikiliza kizazi kipya, na kuna unyenyekevu katika mkongwe kukubali kuongozwa na mdogo wake. Lakini nguvu ya mtu huyu tangu mwanzo ilikuwa kutokuwa na haraka: neno linawekwa mezani, linaachwa lionekane. Singeli haisubiri mtu. Tunasikia ufundi na tunasikia furaha. Yule mzee wa jukwaani, mwenye subira ya kutuongopea hatua kwa hatua, hatumsikii.

Katikati ya miaka hiyo wimbo ulimgeukia mwimbaji. Mwaka 2015 alipanda majukwaa halisi, kando ya barabara kuu ambako malori ya Zambia hupita usiku na mchana, na katika vijiji vya wakulima wa miwa na mahindi. Waliokuwa wakiimba "Ndiyo Mzee" wakiwa shuleni sasa walikuwa wapiga kura wenye watoto. Makala haya hayapimi ubunge wake; kazi hiyo ni ya wananchi, nao waliifanya kwa kura mwaka 2015 na tena mwaka 2020. Tunataja jambo moja tu. Wako wachache sana waliowahi kuwapa watu kipimo cha namna ile, kisha wakaja kusimama mbele ya watu walewale wenye kipimo mkononi. Sisi tunaohubiri tunaijua hali hiyo, maana kila Jumapili tunasoma kwa sauti kubwa maneno yatakayotuhukumu Jumatatu.

Kisha mwaka 2022 akaugua sana, akalazwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, na nchi nzima ikamwombea. Mtu aliyeishi kwa sauti yake akanyamaza. "Siku 462" ni hesabu ya kipindi hicho.

Ubora wa wimbo huo unaanza kwenye namba. Tumezoea shuhuda zinazosema "niliugua sana" na "Mungu ni mwema", zikaishia hapo. Namba inakataa kufupisha. Aliyewahi kukaa na mgonjwa wodini anajua kwamba siku huko hazipiti kwa mafungu. Huja moja moja, na kila moja ina asubuhi yake, dawa yake na hofu yake. Mfalme Hezekia, kiongozi mwingine aliyeugua akageukia ukuta na kulia, aliandika wimbo baada ya kupona, nao umo katika Isaya 38. Naye anazihesabu siku, na haoni aibu kusimulia alivyolia kama ndege. Shukrani yenye kumbukumbu ina uzito kuliko shukrani yenye kelele.

Safari hii anayepokea ni mwimbaji wa Injili, na kwa njia yake kanisa. Sauti ya msimulizi si ile ya zamani, na hilo haliupunguzii wimbo kitu. Mtu anaposimulia kwamba alikuwa karibu na kufa, hatumtarajii apige kifua.

Lakini tuwe waangalifu, wapendwa. Wapo kati yetu waliohesabu siku wodini, na mgonjwa wao hakurudi. Wimbo wa aliyepona unaweza kuwaumiza wasipopewa nafasi ya kulia. Ndiyo maana kitabu cha Zaburi kina Zaburi ya 30, ya mtu aliyeinuliwa, na pia Zaburi ya 88, inayoishia gizani. Tunafurahi kwamba shukrani ya msanii huyu haikuishia kwenye wimbo: ipo taasisi yenye jina lake, iliyoanzishwa ili kuwasaidia wagonjwa wa figo. Hapo aliyebaki wodini anakumbukwa na aliyetoka.

Sasa turudi kwenye neno "sasa". Je, Mungu aliingia katika kazi hizi mwaka 2024, jina lake lilipotajwa? Sisi Walutheri tuna sababu ya kujibu kwa tahadhari. Wimbo unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa Martin Luther haukuwa wa ibada. Ulikuwa wimbo wa habari, wa kuimbwa mitaani, kuhusu vijana wawili watawa waliochomwa moto Brussels mwaka 1523 kwa ajili ya imani yao. Mwaka uliofuata ndipo kikatoka kijitabu cha kwanza cha nyimbo za matengenezo, chenye nyimbo 8 tu, 4 zikiwa zake. Alianza kwa kusimulia lililotokea na kuukataa uongo uliokuwa ukienezwa. Kwetu sisi, amri ya 8 inayokataza ushuhuda wa uongo ni ya Mungu sawasawa na amri ya 2 inayolinda jina lake. Wimbo unaoumbua uongo umeitumikia amri ya Mungu hata kama haukumtaja.

Tukiwafundisha vijana wetu wa Kilosa na Mikumi kwamba wimbo mwema ni ule tu wenye jina la Yesu kila mstari, tutapata nyimbo nyingi zenye jina hilo na chache zenye kweli. Kijana akileta kwenye kwaya shairi juu ya mafuriko ya Mkondoa, au juu ya mkulima aliyepunjwa kwenye mizani, asiulizwe kwanza Mungu yuko mstari wa ngapi. Aulizwe kama anachosema ni kweli, na kama amekisema kwa upendo.

Nasi watu wazima tujiulize kuhusu viitikio vyetu. Katika mkutano wa usharika taarifa ya ujenzi husomwa, mwenyekiti akauliza kama kuna swali, na ukumbi mzima ukajibu kwa pamoja kwamba hakuna. Tumepokea. Je, tumesikia? Kadi za ahadi hujazwa kwa shangwe siku ya harambee. Wadhamini wa ubatizo huitikia madhabahuni. Wachungaji huambiwa ndiyo na watu wanaonung'unika nje ya mlango. Umati wa "Ndiyo Mzee" hauko kwenye mikutano ya siasa peke yake.

Mtume Paulo alishitakiwa na Wakorintho kuwa mtu wa ndiyo na siyo. Jibu lake, katika 2 Wakorintho 1, ni kwamba ahadi zote za Mungu zimepata "ndiyo" yake katika Kristo, na kwa sababu hiyo sisi tunaitikia Amina. Katekismo Ndogo inatufundisha kwamba maana ya Amina ni ndiyo hasa, ya mtu mwenye hakika. Kwa hiyo kuna ndiyo mbili. Ya kwanza hutolewa kwa hofu au kwa mazoea, mbele ya mzee anayeahidi maziwa kwenye mabomba. Ya pili hutolewa mbele ya Mungu aliyetimiza alichoahidi kwa gharama ya msalaba. Anayeijua ya pili anapata ujasiri wa kuikataa ya kwanza. Jumapili ijayo, sala itakapofika mwisho na kiongozi akanyamaza kutusubiri, tuitikie tukijua tumekubali nini.