Upandikizaji wa Nywele: Fatwa Inayoishia Mlangoni mwa Hospitali

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, miongoni mwa maswali yanayoletwa misikitini siku hizi ni la upasuaji wa kupandikiza nywele. Jibu tulilozoea kulisikia ni fupi: inajuzu, au haijuzu. Muulizaji hushukuru na kwenda zake. Katika makala hii hatukusudii kulifungua upya suala la kujuzu. Tunakusudia kulikosoa jibu lenyewe, kwa kuwa linakomea pale ambapo ibada ya mgonjwa ndiyo kwanza inaanza kupata taabu.

Kilichotusukuma kuandika ni kisa cha kijana mmoja mfanyabiashara wa Kakesio, kule kusini-magharibi mwa Hifadhi ya Ngorongoro. Kabla ya kusafiri kwenda kupandikizwa nywele alimuuliza ustadh wake, akaambiwa hapana ubaya. Alirejea na karatasi ya masharti ya hospitali: asilowanishe kichwa siku za mwanzo, asiiname, asivae kofia inayobana, asikae juani, asifanye kazi ya kumtoa jasho. Karatasi ile haikutaja sala, na fatwa aliyopewa haikutaja jeraha.

Usiku wa pili baada ya kufika nyumbani akapatwa na janaba. Mmoja wa wenzake akamwambia kuwa hatwahiriki mpaka maji yafike kichwa kizima na akisugue. Akajimwagia ndoo, akasugua, damu ikatoka. Alipoingiwa na hofu, mwingine akamwambia aache sala mpaka apone, kisha azilipe. Akaacha kwa siku tisa. Alipotufikia Karatu kisogo kilikuwa kimeanza kutoa usaha, lakini hakuja kutuuliza habari ya nywele. Aliuliza: "Mashekhe, sala hizi nitazilipaje?"

Fatwa ya kujuzu na mahali inaposimama

Ni haki kusema kwamba wanaojibu "inajuzu" hawajibu kwa matamanio. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa ilipokutana Jeddah mwaka 1988 iliruhusu kuhamisha kiungo kutoka sehemu moja ya mwili wa mtu kwenda sehemu nyingine ya mwili wake mwenyewe, ikiwa faida inazidi madhara. Ilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, iliujadili upasuaji wa kurekebisha maumbile, na katika yale iliyoyaruhusu ni kupandikiza nywele zilizoanguka, hasa kwa mwanamke. Maulamaa wametaja pia hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim ya watu watatu wa Bani Israil, mwenye ukoma, mwenye upara na kipofu. Malaika alimpangusa yule mwenye upara akarudishiwa nywele nzuri. Wamepambanua vilevile kati ya jambo hili na kuunganisha nywele kulikokatazwa, kwani hapa ni mashina ya nywele za mtu mwenyewe yanayohamishwa kutoka kisogoni yakaota utosini.

Yote hayo ni sahihi. Lakini hukumu ya kitendo ni jambo moja, na hukumu za siku zinazofuata kitendo ni jambo jingine. Anayefundisha kwamba safari inaruhusiwa, kisha asimfundishe msafiri namna ya kukusuru sala, amemfundisha nusu ya mas-ala.

Mtu aliyepigwa jiwe

La kusikitisha zaidi ni kwamba kisa cha jeraha la kichwa na maji ya janaba si kipya katika dini yetu. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa jiwe likampasua kichwa, kisha akaota. Akawauliza wenziwe kama wanaona ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kuwa hawamwoni na ruhusa ilhali maji anayaweza. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliwalaani kwa kumuua mwenzao, akawalaumu kwa kutouliza walipokuwa hawajui, na akabainisha kuwa ponyo la asiyejua ni kuuliza.

Wanafunzi wanajua kuwa ile ziada iliyo mwishoni mwa riwaya hii, ya kufunga kitambaa na kupangusa juu yake, imetiwa dosari na wajuzi wa hadithi kwa sababu ya udhaifu wa mpokezi wake, Zubayr bin Khurayq. Hata hivyo asili ya kisa imekuja pia kwa njia ya Ibn Abbas (r.a.), na lawama iliyomo ni nzito mno kupuuzwa na yeyote anayejibu maswali ya watu. Wale hawakukusudia ubaya. Walijibu kwa pupa tu, juu ya kichwa chenye jeraha. Je, kuna tofauti gani kati yao na yule aliyemwambia kijana wetu asugue?

Yaliyopaswa kusemwa

Sasa tuyataje, kwa madhehebu ya Imam Shafii (r.a.) yanayofuatwa na wengi wetu, yale ambayo fatwa iliyokamilika ingeyabeba.

Kwanza, kabla ya upasuaji. Mgonjwa aende akiwa na twahara kamili. Kwa Mashafii, bandeji iliyofungwa juu ya twahara, ikawa haikuzidi kiasi cha haja, na haiko kwenye uso au mikono, ambavyo ndivyo viungo vya kutayamamu, mwenye nayo hatakiwi kuzirudia sala zake. Iliyofungwa bila ya twahara humlazimu kuzirudia. Neno hili moja, lau lingesemwa siku ya swali la kwanza, lingemwepusha mtu na deni.

Pili, udhu. Kinachofaradhishwa katika kichwa kwa Mashafii ni kupangusa sehemu yake hata ikiwa ndogo. Aliyepandikizwa mbele na kuchunwa nyuma mara nyingi hubaki na mahali pazima ubavuni mwa kichwa. Apanguse hapo kwa kidole, udhu wake umetimia. Hana haja ya kutayamamu kwa ajili ya kichwa, wala hana udhuru wa kuacha sala.

Tatu, mpaka wa uso. Mafakihi wanasema uso huanzia pale nywele za kichwa huota kwa kawaida ya watu. Mahali palipoingia upara ni katika kichwa, si katika uso, kwa hiyo kupandikizwa hapo hakugusi faradhi ya kuosha uso. Lakini nywele zikiteremshwa zikaoteshwa kwenye paji, hapo ni uso, na kuoshwa kwake ni lazima, kama walivyosema kwa mtu ambaye nywele zake zimeota mpaka pajini. Mwenye kuchora mstari mpya wa nywele na aijue hukumu hii kabla hajauchora.

Nne, janaba. Maji yanatakiwa yafike kwenye nywele na ngozi, lakini kusugua si sharti kwetu, ingawa ni wajibu kwa Malik. Kumimina maji polepole kwa kikombe kunatosha. Ikiwa daktari mwaminifu anasema maji yatadhuru au yatachelewesha kupona, basi aoshe mwili uliobaki na atayamamu badala ya pale penye jeraha. Kama pana bandeji isiyofunguka, apanguse juu yake pia. Tayamamu huirudia kwa kila faradhi. Sahaba Amr bin al-Aas (r.a.) katika vita vya Dhaat as-Salaasil alitayamamu kwa janaba kwa kuihofia baridi, akawasalisha wenziwe, na Mtume (s.a.w.) alipoelezwa alicheka asimkemee.

Tano, sijda. Madaktari huwakataza kuinamisha kichwa siku za mwanzo kwa kuwa uvimbe huteremka hadi kwenye paji na macho. Ikithibiti kuwa kusujudu kunamdhuru, atasimama katika kisimamo kwa kuwa anakiweza, kisha ataashiria kwa kichwa, ishara ya sijda iwe chini kuliko ya rukuu kwa kadiri awezavyo. Msingi wake ni hadithi ya Imran bin Husayn (r.a.) iliyopokewa na Bukhari, kwamba mtu husali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Mwenye kuweza kuligusisha paji sehemu ndogo tu bila ya madhara, hiyo ndiyo sijda yake.

Sita, hija na umra. Asipange upasuaji karibu na safari hiyo. Kama umeshafanyika, apunguze nywele kutoka sehemu nzima. Kwa Mashafii nywele tatu zinatosha kumtoa katika ihramu, wala halazimiki kupitisha wembe juu ya jeraha.

Ruhusa ina kipimo

Tunawakosoa pia wale wanaoifungua ruhusa wasiifunge. Ruhusa hupimwa kwa haja, na haja hapa ni ya siku chache. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2006, madaktari Robert Bernstein na William Rassman waliona kuwa katika siku mbili za kwanza unywele ukivutwa hung'oka na shina lake, ila kufikia siku ya tisa mashina yalikuwa yameshika. Kwa kawaida madaktari huruhusu kuosha kwa upole baada ya siku mbili au tatu, na vigaga hudondoka ndani ya wiki mbili hivi. Basi anayetayamamu mwezi mzima kwa ajili ya nywele haogopi dhara, anaihurumia pesa aliyotoa.

Vilevile na ajue kuwa nywele zilizopandikizwa nyingi huanguka ndani ya wiki chache, kisha huanza kuota tena baada ya miezi mitatu au minne, na matokeo kamili huchukua mwaka au zaidi. Kuanguka huko si maradhi wala si dalili ya kuwa maji ya udhu yameziharibu. Maradhi ni wekundu unaoenea, maumivu yanayozidi, usaha na homa. Hayo yanataka daktari upesi, na kutafuta tiba ni katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.).

Karatasi ya hospitali na ardhi ya Kakesio

Upande wa pili wa lawama ni wa wale wanaoandika masharti ya uangalizi. Wanampokea mgonjwa Mwislamu, wanajua ataweka paji lake chini mara 34 kila siku katika sala za faradhi pekee, na hawamwambii neno. Wangeongeza mistari miwili tu, ni siku ngapi asisujudu na ni siku gani maji yanaanza kuruhusiwa, imamu angepata cha kujengea jibu. Wala hawamuulizi anarudi wapi. "Epuka jua na vumbi" ni sharti jepesi kwa mkazi wa mjini. Kwa anayerudi Kakesio, ambako wakati wa kiangazi njia yote ni vumbi na mgonjwa hutazama Endulen au Karatu kupata matibabu, sharti hilo lina maana ya kutosafiri kabisa mpaka jeraha lifunge.

Na tayamamu ya huko ina adabu yake. Udongo uwe safi, uliozidi upulizwe mikononi, uso upanguswe taratibu bila ya kufika kwenye jeraha. Wanafunzi wetu wanahifadhi katika Safinatun Najaa kwamba sababu za kutayamamu ni tatu: kukosa maji, maradhi, na kuyahitaji maji kwa kiu ya mnyama anayeheshimiwa. Katika nchi ya wafugaji sababu zote tatu huweza kukutana katika boma moja. Wanaikariri matini hiyo asubuhi na jioni, kisha mtu mwenye jeraha akija kuwauliza, wanamjibu kana kwamba hawakuisoma.

Tumekumbuka jambo jingine. Majirani Wamaasai wa kijana huyu wana desturi ya eunoto, ambapo morani hunyolewa nywele zake ndefu na mama yake, na kunyolewa huko ni kupanda daraja. Hatusemi desturi hiyo ni hoja ya kisheria. Tunasema tu kwamba aibu ya kichwa kisicho na nywele haikuzaliwa katika ardhi ile. Kijana aliipata kwingine, na anayeulizwa fatwa ana haki ya kumuuliza kwa upole: je, ni dosari inayokutesa, au ni macho ya watu? Kisha amjibu kwa elimu, yote mawili yanawezekana.

Hatima

Sisi nasi hatujitoi katika lawama hii. Tumewahi kujibu "inajuzu" tukiwa tumesimama mlangoni mwa msikiti, viatu mkononi. Kijana yule tulimwambia kwamba sala za siku tisa, faradhi 45, ni deni juu yake. Azilipe bila ya kuchelewesha na amuombe Mola wake msamaha. Hospitali ilimtibu usaha. Alilipa alfajiri tisa, adhuhuri tisa, na kuendelea, akiziandika katika daftari lake la duka. Siku alipomaliza alitutumia salamu, akauliza ni nani atakayelipa sehemu ya wale waliomjibu. Hatukuwa na jibu zaidi ya kuandika haya.

Wallahu aalam.